Kumaliza na Masomo

Hakuna aliyemwonya Mignonne kuhusu mchana. Walimwonya kuhusu magoti, kuhusu mawakala wenye maneno matamu, kuhusu chumvi na vyakula vya kukaanga. Lakini mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu hufanya mazoezi asubuhi, hufanya tena jioni, na katikati huambiwa apumzike. Katikati hapo ndipo mchana wote ulipo.

Nyumba aliyopewa na klabu iko Forest, kitongoji cha mji mkuu wa Ubelgiji, ghorofa ya pili, juu ya duka la kuuza vigae. Anaishi na mwenzake wa timu, msichana kutoka Latvia ambaye akirudi kutoka uwanjani hufunga mlango na kuongea kwenye simu na mtu anayemchekesha sana. Lugha yao ya pamoja ni Kiingereza cha uwanjani: kushoto, kulia, nyuma yako, samahani. Ikitoka nje ya uwanja haifiki mbali. Wameshaambiana majina ya ndugu zao na vyakula wasivyovipenda, na baada ya hapo wamekuwa wakipishana jikoni kwa adabu kama wageni wa hoteli.

Mignonne hujilaza. Kitanda ni kifupi, kwa hiyo ameweka kiti mwishoni kwa ajili ya miguu. Jina lake kwa Kifaransa lina maana ya kadogo kazuri, na yeye huinamisha kichwa anapoingia kwenye tramu. Kanisani kwao Molenbeek kuna mzaha wa zamani kuhusu jambo hilo. Maman Alphonsine, kiongozi wa akina mama, ndiye aliyeuanzisha, akimwambia baba yake Mignonne: "Papa Rigobert, uliita mutoto Mignonne, Mungu akasikia, akacheka."

Akijilaza hufungua simu na kutazama kundi la wanafunzi waliosoma naye ualimu. Walianza wote pamoja, na sasa wamesambaa katika shule za jiji. Wanatuma picha za madarasa yao ya kwanza, wanalalamika kuhusu ratiba, wanaulizana namna ya kumnyamazisha mtoto anayejibu kila swali kabla halijaisha. Yeye hajajitoa kwenye kundi hilo. Hajawahi kuandika kitu pia.

Alikuwa akisomea kufundisha hisabati. Miaka miwili ilipita vizuri, na wa tatu, ambao ulikuwa wa mwisho, ulifika mwezi wa pili bila shida. Kisha klabu iliyokuwa ikimtumia kama mchezaji wa akiba ikamtaka moja kwa moja. Kulikuwa na sharti moja: mazoezi ya asubuhi, kila siku, kuanzia sasa. Asubuhi hizohizo ndizo alizotakiwa kusimama darasani kwa mafunzo ya vitendo. Kocha hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba darasa litakuwepo akiwa na miaka thelathini na mitano, na kwamba kuruka kwake hakutakuwepo. Mignonne alilifikiria jambo hilo kwa wiki nzima, peke yake, kisha akaenda chuoni kuwaambia kwamba haendelei. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mtumishi wa ofisi alimwuliza kama ana hakika, akasema ndiyo, na nje mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida.

Mtu mmoja alikuwa bado hajui.

Rigobert, baba yake, alifundisha darasa la tano mjini Bukavu. Vita vilimtoa darasani, na Ubelgiji haikumrudisha. Masomo yake yalitambuliwa nusunusu, akaambiwa aanze upya, wakati ana mtoto mdogo na mke anayeugua. Akaingia kiwanda cha magari cha Forest na kufunga milango ya magari mpaka kiwanda kilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Mkewe alikuwa ameshafariki tangu Mignonne akiwa shule ya msingi. Nyumba yao ya Ganshoren ilibaki ya watu wawili, na katika nyumba hiyo baba alizungumza Kiswahili na mtoto akajibu kwa Kifaransa.

Alipokua, Mignonne alianza kujibu kwa Kiswahili, kwa sababu aliona kinamfurahisha baba yake. Kilikuwa Kiswahili cha kutafsiri. Alifikiri sentensi kwa Kifaransa, kisha akaivalisha maneno ya nyumbani, na Rigobert aliisikia, akaivua, akamrudishia iliyo sawa. Alisahihisha bila ukali, kwa raha, kama mtu anayechezea ala aliyokuwa akiipiga zamani. Alisahihisha kila mara isipokuwa mara moja.

Siku aliyosaini mkataba, mwezi wa sita, Mignonne aliipanga sentensi ndani ya tramu. Kwa Kifaransa ilikuwa rahisi: nimesaini, na shule basi, nimeachana nayo. Alimkuta baba yake jikoni, akikatakata vitunguu vya kuweka kwenye sombe, yale majani ya muhogo. Alibaki amesimama mlangoni na begi begani.

"Papa, nimesaini," alisema. "Nimemaliza na masomo."

Kichwani mwake "na" ile ilikuwa ya Kifaransa, ile ya kumalizana na kitu, kukipa mgongo. Lakini Kiswahili kina "na" yake, na hiyo haipi mtu mgongo, inaongeza. Nimesaini mkataba, na masomo pia nimeyamaliza. Kwa mtu aliyekuwa akingoja habari hiyo kwa miaka mitatu, sentensi ile haikuwa na namna ya pili ya kusikika.

"Na masomo?" aliuliza Rigobert.

"Ndiyo, papa. Na masomo."

Alinawa mikono, akaikausha polepole, akamwambia ainame. Akamshika kichwa kwa mikono yake yote miwili iliyonuka vitunguu, akaanza kuomba. Mignonne alifumba macho. Baba yake alimshukuru Mungu kwa mkataba, kwa sentensi moja. Kisha akaanza kumshukuru kwa ajili ya mwalimu. Alisema mwalimu mara nyingi, na kila mara sauti ilimkatika mahali palepale.

Mignonne alifumbua macho katikati ya sala. Alikuwa ameshaelewa. Alijiambia kwamba atasema baba akisema amina. Rigobert aliposema amina, alikuwa tayari ameshika simu, anamtafuta Maman Alphonsine.

Baada ya hapo, kulisema jambo hilo kulizidi ugumu kila siku, jinsi mlango unavyovimba kwa unyevu. Mwezi wa saba klabu ilimhamishia Forest. Rigobert alipouliza diploma inatoka lini, alimjibu kwamba itatoka, na baba hakuuliza tena. Alikuwa mtu aliyewahi kungoja karatasi za Ubelgiji. Kwake kuchelewa hakukuwa dalili ya kitu chochote.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, watu waliporudi kutoka likizo, Maman Alphonsine alipanga Jumapili ya shukrani. Wakongo wakimsherehekea aliyehitimu humvika nguo nyeupe na kummwagia poda kichwani, poda ile ya watoto wachanga, mpaka nyusi ziwe nyeupe na mashahidi wakohoe. Anayetembea mjini na poda kichwani hana haja ya kumwambia mtu kitu. Maman Alphonsine alimpima Mignonne kwa ajili ya gauni, akapanda kwenye kiti kuyafikia mabega, akatangaza kwamba kitambaa hiki kingewatosha mabibi harusi wawili na msimamizi wao. Wote waliokuwepo walicheka. Mignonne naye alicheka, na alipokuwa akicheka alijua kwamba ana siku chache tu.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo alitumia mchana wake kwenda Ganshoren. Safari inavuka jiji zima, lakini si ndefu; wapo watu wanaoifanya kila siku wakienda kazini. Yeye hakuwa ameifanya kwa wiki kadhaa. Hakupiga simu kwanza. Alitaka kuingia, kusema, kisha yatokee ya kutokea.

Rigobert alikuwa ameketi mezani, na mbele yake kulikuwa na vitabu vitatu vya hisabati vya sekondari, vimekunjika pembe, vya kununua sokoni. Kalamu ilikuwa nyuma ya sikio lake. Alionea haya kidogo kukutwa hivyo. Alieleza kwamba toka kazi imekwisha mchana umekuwa mrefu, na mtu hawezi kuzunguka kwenye bustani kila siku kama mbwa wa jirani. Kwa hiyo alikuwa anasoma.

"Niko narudilia maths ya première," alisema, akigusa kitabu cha mwaka wa kwanza. "Donc, kama uko mu classe unasahau kitu, unanipigia. Usikuye kupata haya mbele ya batoto."

Mignonne alimkumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba mwaka huu ni wa klabu kwanza.

"Eeh, basket. Basket ni ya pembeni. Itapita, utabakia mwalimu."

Akamtengenezea chai. Akamwonyesha zoezi lililomshinda, la pembetatu ndani ya duara, na Mignonne akaketi, akachukua kalamu, akamwelekeza mahali pa kuchora mstari. Aliona jinsi baba yake alivyomtazama mkono, si karatasi. Alipoondoka alikuwa hajasema kitu. Kwenye tramu ya kurudi alijilaumu vibaya, lakini chini ya lawama hizo aligundua jambo lililomsumbua zaidi: ile saa moja mezani ilikuwa ya kwanza, tangu ahamie Forest, ambayo hakutazama saa.

Jumapili ilifika. Kanisa liko Molenbeek, karibu na mfereji, katika jengo lililokuwa bohari. Wanawake walikuwa wamepika tangu jana yake. Gauni jeupe lilimfikia magotini, licha ya kitambaa chote kile. Baada ya mahubiri mchungaji alimwita mbele, kwaya ikaimba, watu wakacheza kuelekea madhabahuni, kisha wakatulia, na Rigobert akapewa kipaza sauti.

Hakuongea sana. Aliwaeleza kwamba alipoondoka Bukavu aliacha darasa zima bila kuliaga, kwa sababu asubuhi hiyo hakujua kwamba hatarudi mchana. Alisema kwamba kwa miaka yote hii hilo ndilo lililokuwa likimkera kuliko nyumba iliyochomwa. Sasa mtoto wake ataingia darasani, na yeye atakuwa kama mtu aliyerudi kuaga.

Maman Alphonsine alifungua kopo la poda.

"Inama, we murefu," alisema, na watu wakacheka.

Mignonne hakuinama. Alimshika kiganja.

"Maman, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mukono inaniuma."

"Sikumaliza," alisema Mignonne. "Niliacha."

"Uliacha nini?"

"Masomo. Mu mwezi ya tatu. Ju ya basket."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa baba yake, hatua moja kutoka hapo, na kilisikia kila kitu. Safu za mbele ziligeukiana, na za nyuma zikaziuliza za mbele nini kimesemwa. Rigobert hakumtazama mtoto wake. Alikitazama kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa kifaa asichojua kinafanya kazi gani.

Maman Alphonsine ni mwanamke aliyezika ndugu wengi na kuozesha wengi vilevile, na hajui kusimama bila kufanya kitu. Alifunga kopo. Akaigeukia kwaya na kuashiria waimbe. Mchungaji akasema tunamshukuru Mungu kwa uzima, na shukrani ikawa ya uzima. Chakula kiliandaliwa kwa sababu kilikuwa kimepikwa. Watu walikula. Walimpa Mignonne sahani iliyojaa, wakampisha kwenye benchi, wakaongea mbele yake kuhusu bei ya tiketi za ndege. Hakuna aliyemsema. Angependa mtu amseme. Upande wa pili wa ukumbi baba yake alikuwa amesimama na wanaume, na wanaume walipocheka naye alicheka, akichelewa kidogo.

Walitoka pamoja kwa sababu walikuwa wameingia pamoja. Walitembea kando ya mfereji kuelekea metro, yeye na koti juu ya gauni jeupe, baba na mikono nyuma. Waliokuwa wakipita waligeuka kumtazama msichana yule mrefu aliyevaa kama bibi harusi. Darajani Rigobert aliuliza.

"Ile siku mu cuisine, nikikata vitunguu, ulisema nini? Sema vile ulisema."

"Nilisema, nimesaini, nimemaliza na masomo."

Rigobert alirudia sentensi hiyo kwa midomo tu, bila sauti. Mignonne aliona ile sura ya zamani ikimrudia, sura ya mtu anayeivua sentensi.

"Ile 'na' ni ya Kifaransa," alisema. "Finir avec. Kwa Kiswahili ungesema niliachana na masomo. Alors ni mimi nilisikia mubaya."

Alikuwa anampa njia. Mignonne aliiona wazi, kama anavyoona uwanjani nafasi inayofunguka kati ya walinzi wawili. Kosa lingekuwa la silabi moja. Si lake, si la baba yake. Wangepanda metro pamoja hadi Ganshoren, watu wawili waliodhulumiwa na sarufi, na baada ya muda wangecheka.

"Hapana, papa," alisema. "Ulianza kuomba, nikajua vile ulisikia. Nikanyamaza."

Rigobert alisimama.

"Tangu ile siku?"

"Tangu ile siku."

"Na vile vitabu, uliniona nasoma."

"Ndiyo."

Alifunga kifungo cha juu cha koti, ingawa hakukuwa na baridi.

"Bon," alisema. "Basi ile haiko grammaire."

Metro ya Ganshoren ilikuwa upande mmoja, ya Forest upande mwingine. Juu ya ngazi alimwambia afike salama, kwa sauti ileile ambayo angemwambia mtu yeyote wa kanisani, akashuka. Mignonne alisubiri mpaka treni yake ikaondoka, ndipo akashuka ngazi za upande wake.

Zamani Rigobert alimpigia kila siku baada ya chakula cha mchana, kumwuliza amekula nini. Mignonne alikuwa akiziona simu hizo kuwa fupi na za mazoea, na mara nyingine alizijibu huku akitazama kitu kingine. Sasa hazikuja. Alipiga mara mbili. Zililia hadi mwisho. Alituma ujumbe wa kuomba msamaha, akausoma mara kadhaa kabla ya kuutuma kuhakikisha kwamba kila neno linasema kitu kimoja tu, nao ulisomwa bila kujibiwa. Msichana wa Latvia alimwuliza siku moja kama yuko sawa. Akasema ndiyo. Kwa Kiingereza kile walichokuwa nacho hapakuwa na mahali pa kuanzia.

Mazoezini hakuna aliyeona tofauti. Kama ipo, kocha alisema anakimbia vizuri zaidi.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, alasiri. Kila mchezaji aliruhusiwa kuacha jina la ndugu mlangoni, naye aliacha la baba yake, kwa sababu angeacha la nani. Alianza akiwa benchi. Kutoka pale kiti alichotengewa baba yake kilionekana vizuri sana. Mwanzoni kilikuwa kitupu, kisha bwana mmoja akaweka jaketi lake juu yake. Aliingizwa baada ya mapumziko, akadaka mipira, akakosa mmoja wa kufunga ambao angeufunga usingizini, akatolewa. Walipoteza. Hakikuwa kipigo kikubwa. Walipoteza tu, kama timu zinavyopoteza mwanzoni mwa msimu, na watu wakapiga makofi ya heshima na kuchukua makoti yao.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kila mmoja alikuwa kwenye simu na kwao. Chumba kizima kilijaa lugha. Mignonne alikausha nywele, akatoa simu yake mfukoni kwa mazoea, si kwa kutarajia kitu.

Kulikuwa na ujumbe wa baba yake. Rigobert akiandika huandika Kiswahili cha shule, chenye herufi kubwa na vituo mahali pake.

"Umeshinda vizuri?"

Aliusoma tena. Anayetoka uwanjani akiulizwa kama ameshinda, anaulizwa habari ya mechi. Lakini saa zile za alasiri Waswahili huulizana hivyohivyo kuhusu siku nzima: umeshindaje, mchana wako umepitaje. Na tena baba yake, ambaye hakosei sarufi, hakuandika mmeshinda. Aliandika umeshinda, wewe mmoja. Huenda alikumbuka mechi. Huenda hakuijua kabisa, akauliza tu habari za siku, kama alivyokuwa akiuliza zamani.

Angeweza kujibu lile lililo rahisi na kuliacha la pili lijifie. Alijua namna ya kufanya hivyo.

Aliandika: "Mechi tumeshindwa." Akaitazama ile w, kuhakikisha ipo. Kisha akaongeza: "Na mchana, nimeshinda peke yangu. Kila siku nashinda peke yangu, papa."

Akatuma kabla hajabadili nia. Msichana wa Latvia alimpungia mkono na kutoka na begi lake. Wengine nao walianza kutoka, wawili wawili, wakijadiliana wapi watakula. Jibu lilikuja wakati anafunga kamba za viatu.

"Mimi pia. Kesho mchana niko nyumbani."

Hakusema njoo. Hakusema usije. Inawezekana ulikuwa mwaliko, na inawezekana ilikuwa habari tu ya mtu asiye na kazi, kwamba kesho, kama leo, yupo. Miezi michache iliyopita Mignonne angechagua maana iliyomfaa na kuishi nayo. Sasa alirudi kwenye benchi, akaketi na kiatu kimoja bado wazi, akaandika neno moja lenye alama ya kuuliza.

"Nije?"

Mwangalizi wa ukumbi aliingia na ufagio, akamwona, akasema kwa Kifaransa kwamba hana haraka, ataanza na upande ule mwingine. Mignonne alimshukuru. Simu ilikuwa gotini, kioo chake juu, naye akaingoja.